Kilwa Kisiwani: Ya Kuona, ya Kufanya na ya Kutunza katika Mji wa Kale wa Masultani

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kilichopo katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania. Kimetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye upana wa takribani kilomita mbili, na huonekana vizuri kwa macho kutoka gatini Kilwa Masoko, mji ambao ndio makao makuu ya wilaya. Mwaka 1981 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza magofu ya kisiwa hiki, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutoweka, na ilihitajika miaka 10 ya ukarabati na ulinzi kabla ya kuondolewa humo mwaka 2014.

Miaka hiyo 10 ndiyo inayofanya maelezo haya yawe na uzito zaidi ya orodha ya vivutio. Mwananchi anayepanga kwenda Kilwa Kisiwani anahitaji kujua nini cha kuona, lakini pia namna ya kukiona bila kukiharibu. Baadhi ya kuta atakazozikuta zimesimama zilikuwa karibu kuangukia baharini, na bahari haijahama.

Kilwa zipo tatu

Wageni wengi huchanganya majina, na wapo wanaoshuka kwenye basi mahali pasipo. Kilwa Kisiwani ni mji wa kale ulioko kisiwani. Kilwa Kivinje iko bara, kaskazini zaidi. Ilikua katika karne ya 19 kutokana na misafara iliyoshusha pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kisha ikawa kituo cha utawala wa Wajerumani. Huko ndiko ulipo ukumbusho wa mashujaa walionyongwa wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kilwa Masoko ndiyo mpya kuliko zote, na ndiko mgeni wa kisiwani anakotakiwa kufikia, kwa kuwa huko kuna ofisi, nyumba za kulala wageni, soko na gati.

Kutoka Dar es Salaam barabara hupita Kibiti, huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na kufika Nangurukuru, ambako msafiri huiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea Masoko. Kabla ya daraja hilo, safari ilitegemea kivuko, na wakati wa mafuriko watu walikwama ng'ambo kwa siku kadhaa. Mvua bado ina neno lake katika njia hii. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata mawasiliano ya barabara katika eneo la Somanga. Anayesafiri kati ya Machi na Mei afuatilie kwanza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na za Wakala wa Barabara. Miezi ya ukavu, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa zaidi kwa matembezi ya miguu.

Kibali na kuvuka

Hakuna anayevuka kwenda kutembelea magofu bila kibali. Kibali hupatikana Kilwa Masoko, katika ofisi ya uhifadhi wa magofu, ambayo sasa ipo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), taasisi ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Watu hushangaa kwamba mamlaka ya wanyamapori inasimamia misikiti ya kale, lakini ndivyo ilivyo. Viwango vya kiingilio hutofautiana kati ya raia na wageni kutoka nje, na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba kama malipo mengine ya Serikali. Dai stakabadhi na uihifadhi.

Mgeni hutembea na mwongoza watalii. Wapo wanaoliona hilo kama gharama ya ziada, ilhali kisiwani ndilo linaloleta tofauti kati ya kuona lundo la mawe na kuona mji. Magofu yametawanyika, njia hupita mashambani na katikati ya nyumba za watu, na mabango ya maelezo ni machache.

Kuvuka ni kwa mashua ya tanga au boti ya injini. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea maisha, na uliza habari za maji. Yakiwa yamekupwa, chombo hakifiki ufukweni na utashuka uende kwa miguu ndani ya maji. Viatu vya kamba au vya plastiki vinafaa kuliko vya ngozi. Kusi likivuma kwa nguvu, alasiri huwa na mawimbi, hivyo wenyeji hupendelea kuvuka asubuhi.

Gereza, jengo la kwanza machoni

Kabla chombo hakijatia nanga, utaona ngome kubwa ya mraba iliyokaribia maji. Wenyeji huiita Gereza. Jengo linaloonekana leo ni la enzi ya Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, lakini limesimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Wataalamu wa lugha hulieleza neno gereza kuwa limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa, na Kiswahili kikalipeleka kwenye maana ya jela. Anayetaka kujua jinsi wenyeji walivyowaona Wareno anaweza kuitafakari safari ya neno hilo.

Gereza ni pia mahali pa kuelewa hatari yenyewe. Bahari ililamba msingi wake kwa miaka mingi na sehemu ya ukuta ikaanguka. Upande wa baharini umekarabatiwa, na ufukweni kumewekwa kinga za mawe na kupandwa mikoko. Mikoko hiyo si pambo. Mizizi yake hushika tope na kupunguza nguvu ya mawimbi, na wakazi wa kisiwa wameshirikishwa kuipanda na kuilinda. Ukiona miche imesimama kwenye tope, zunguka, usikanyage.

Msikiti Mkuu

Kutoka Gereza, mwendo mfupi wa miguu hufikisha kwenye Msikiti Mkuu, ambao ulikuwa kati ya misikiti mikubwa kuliko yote kusini mwa Sahara kabla ya karne ya 16. Una sehemu mbili zilizojengwa kwa nyakati tofauti, na mwongoza watalii mzuri ataanza na ile ndogo ya kaskazini, ya karne ya 11 hadi ya 12, iliyokuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo za mbao. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Nguzo zake za awali hazikuhimili uzito wa paa. Zikaanguka, na mwanzoni mwa karne ya 15 jengo likainuliwa upya kwa nguzo za pembe nane na paa la kuba. Hizo ndizo zinazosimama hadi leo, safu kwa safu, na ifikapo alasiri jua hupenya kati yake.

Mawe yote haya ni matumbawe. Kuta zilijengwa kwa matumbawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu, na nakshi zikachongwa kwenye matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, kwani yakikauka hugoma. Kiungo chake ni chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo. Hata upana wa vyumba vingi vya Kilwa ulipangwa na mti: boriti ya mkoko haiendi mbali sana kabla ya kupinda, na ndiyo maana vyumba vya masultani na matajiri ni virefu lakini vyembamba.

Ukarabati nao hutumia chokaa, na wageni huuliza kwa nini haitumiki saruji iliyo imara zaidi. Uimara huo ndio tatizo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe. Huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya ndani ya ukuta, na mwishowe jiwe hupasuka huku saruji ikibaki. Kazi ya chokaa ni ya polepole na huhitaji mafundi waliofundishwa, na baadhi ya mafundi hao ni watu wa Kilwa wenyewe.

Karibu na hapo upo msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15, ambao umehifadhika kuliko majengo mengine ya mji. Ingia, kisha tazama juu: utaona alama za mabakuli ya kauri yaliyopachikwa darini kama pambo. Ukiwa na muda wa jengo moja tu kabla ya jua kuchwa, maoni ya mwandishi ni kwamba uchague hili badala ya Msikiti Mkuu.

Makutani na Husuni Kubwa

Makutani, kama jina lenyewe linavyosema, ni mahali penye makuta. Ni jumba la masultani wa zama za baadaye, lililozungushiwa ukuta mrefu unaoshuka hadi baharini, na lilipanuliwa katika karne ya 18 biashara ilipofufuka kwa sura mbaya. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Si jambo linalosimuliwa sana kwa watalii. Ni sehemu ya historia ya kisiwa hata hivyo, na mgeni ana haki ya kuliuliza.

Husuni Kubwa iko mashariki mwa mji, juu ya jabali linalotazama bahari, na watu wengi huikosa kwa sababu ya uvivu wa kutembea. Wasiikose. Jumba hili lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyepanua Msikiti Mkuu, nalo lina vyumba zaidi ya 100. Kuna ua wa mapokezi wenye ngazi za kukalia, uwanja wa biashara uliozungukwa na maghala, na birika la kuogea lenye pembe nane lililochimbwa ukingoni mwa jabali. Ngazi hushuka hadi ufukweni, ambako majahazi yalikuwa yakifika. Kando yake ipo Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye minara kwenye kuta zake, ambalo matumizi yake bado yanabishaniwa na wanaakiolojia.

Fedha za kujenga jumba kama hili zilitoka mbali. Kilwa ilikuwa mlango wa dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe kwenyewe, na sarafu nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko hakuna aliyethibitisha. Sarafu hizi ni ndogo, na maandishi yake yana vina: jina la sultani upande mmoja huitikiwa na sifa ya Mwenyezi Mungu upande wa pili.

Ni enzi ya sultani huyo huyo, mwaka 1331, ambapo msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alifika Kilwa. Aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, na akaeleza kwamba sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Jambo moja katika maelezo yake huwashangaza wageni: aliuona kuwa mji wa mbao. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba watu wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo hazikuacha kuta. Majengo ya mawe yalikuwa machache kati ya mengi. Kwa hiyo ardhi tupu unayoipita kati ya gofu na gofu, yenye mashamba na mibuyu, nayo ni mji.

Hapo ndipo inapoanzia sababu ya kutookota kitu. Vigae vya vyungu, vipande vya kauri kutoka China na Uajemi, na shanga za vioo vimetapakaa ardhini, na mtoto anaweza kukuletea kiganja kizima akitaka kukuuzia. Usinunue. Kigae kilichobaki mahali pake humweleza mtaalamu palikuwa na nini na lini. Kikiwa kabatini mjini hakielezi chochote. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyefukua hapa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipanga tarehe za majengo mengi ya Kilwa kwa kutegemea vigae na sarafu vilivyokuwa bado kwenye tabaka zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki hayo, na kuyachimba au kuyatoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Kijiji na bahari

Kisiwa si makumbusho matupu. Kina kijiji, shule, visima, mashamba madogo na wavuvi, na wenyeji husimulia asili ya mji kwa namna yao. Mapokeo, ambayo pia yaliandikwa katika tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu na kunukuliwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, husema kwamba Ali bin Hasan kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Hadithi hiyo isikie kisiwani, kwa mzee mwenye kuijua, kwani kila mmoja huiongezea chumvi yake.

Maji yakikupwa, wanawake na vijana huenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza, na wanaume hurudi na samaki wa mitego na nyavu. Mgeni anaweza kuomba kufuatana nao, au kukodi mashua na kuzunguka kwenye vijito vya mikoko maji yanapojaa. Chakula cha mchana, yaani samaki au pweza kwa wali wa nazi, huagizwa asubuhi kupitia mwongoza watalii. Usitarajie kukuta mgahawa. Beba maji ya kunywa na kofia, kwa sababu kivuli ni kichache kuelekea Husuni Kubwa.

Wakazi wengi ni Waislamu. Mavazi yafunike mabega na magoti, na picha za watu ziombwe kwanza. Baadhi ya makaburi na misikiti ya kale bado huheshimiwa kama mahali pa ibada na ziara, hivyo usikalie kaburi kupumzika wala usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Uzito wa mtu mmoja unatosha kung'oa jiwe lililokaa miaka 600. Kurusha ndege isiyo na rubani kunahitaji kibali kinachoombwa mapema kwa mamlaka husika, si pale gatini.

Dhahabu iliyoondoka

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome. Wareno waliondoka baada ya miaka michache, lakini dhahabu ile ilitumika kutengenezea chombo cha kanisa kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo kipo katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale mjini Lisbon. Mji haukurudia hali yake ya kwanza. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alipelekwa uhamishoni na utawala wa Oman, na biashara ikahamia Kivinje.

Songo Mnara, kwa mwenye siku ya pili

Kisiwa cha Songo Mnara kiko kusini mwa Kilwa Kisiwani na safari yake kwa boti ni ndefu zaidi. Mji wake uliishi kwa muda mfupi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16, na kwa kuwa haukujengwa upya mara nyingi, mpangilio wake unasomeka kirahisi: nyumba za mawe zenye baraza na milango iliyochongwa, misikiti kadhaa, ukuta wa mji na uwanja wa makaburi katikati. Anayetaka kuona jinsi familia za Waswahili wenye uwezo zilivyoishi, chumba kwa chumba, atajifunza zaidi hapa kuliko Kilwa yenyewe.

Safari hii hupangwa kwa kufuata maji. Boti hupita kwenye mikoko na hushusha watu topeni, na nahodha akikawia maji yakakupwa, mtasubiri hadi yajae tena. Ondokeni Masoko alfajiri, kibali cha Songo Mnara kikiwa kimechukuliwa pamoja na kile cha Kilwa Kisiwani siku iliyotangulia, kwa sababu ofisi haitakuwa imefunguliwa mtakapokuwa gatini.